Mshahara mnono hautoshi kumpata daktari wa mionzi

Katika soko la ajira la Marekani kuna bidhaa moja yenye wanunuzi wengi kuliko wauzaji, nayo ni daktari bingwa wa mionzi. Huyu ndiye anayesoma picha za eksirei, CT-Scan, MRI na utrasaundi, kisha anaandika ripoti ambayo daktari wa wodini anaisubiri kabla ya kuamua la kufanya. Vikundi vya madaktari vilivyokaa katika hospitali moja kwa miaka mingi, ambavyo zamani vilipata waombaji bila jasho, sasa vinatangaza nafasi na kurudia kutangaza. Vinaahidi mshahara mzuri, likizo ndefu, fedha za kuhamia na kitita cha kutia saini mkataba.

Matangazo hayo yanapigia debe mshahara, na hapo ndipo vikundi vinapokosea. Kikundi kikongwe hakina ubavu wa kushindana kwa mshahara na makampuni makubwa yenye fedha za wawekezaji. Kina kitu kimoja tu ambacho wapinzani wake hawana, nacho ni ubia wa kweli. Kikundi kitakachouza ubia huo kwa bei ya haki, na kwa maandishi, kitapata mtu. Kitakachouficha kitapata mpangaji, na mpangaji huhama.

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza habari hii inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu swali lililomo ni la kila ubia, uwe wa duka, wa basi au wa mashine ya kusaga. Mgeni anapoingia, je, ananunua sehemu ya mali, au anakuja kulipia pensheni ya waliomtangulia?

BIASHARA INAVYOKWENDA

Hospitali ndiyo yenye jengo, mashine na mafundi wanaopiga picha. Lakini katika hospitali nyingi za Marekani madaktari wanaosoma picha hizo si waajiriwa wa hospitali. Wana kampuni yao wenyewe, yenye wabia kumi, ishirini au zaidi, iliyopewa mkataba wa kusoma picha zote za hospitali hiyo bila mshindani. Kwa picha moja hutoka ankara mbili, moja ya hospitali kwa ajili ya mashine na vifaa, nyingine ya kikundi kwa ajili ya kazi ya daktari.

Ankara ya pili ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa viwango vya 2025 vya Medicare, ambayo ni bima ya serikali kwa wazee, kusoma picha ya kifua ya pande mbili kulilipwa takriban dola 10, na CT-Scan ya kichwa chini ya dola 50. Kwa hiyo faida ya kikundi hutokana na wingi wa picha na wepesi wa wasomaji wake. Yakishalipwa makarani wa ankara, kodi na bima ya kesi za uzembe, kinachobaki hugawanywa kwa wabia.

Kikundi cha namna hii hakina kiwanda wala ghala. Mali yake ni vitu vitatu: mkataba na hospitali, fedha inazodai ambazo hazijalipwa, na madaktari wenyewe. Ndiyo maana mbia mmoja akistaafu bila kupatikana wa kushika nafasi yake, hasara haiishii kwake. Picha hazipungui, bali hugawanywa kwa waliobaki. Zamu za usiku huongezeka, wengine wawili huchoka na kuondoka, hospitali hulalamika kuwa ripoti zinachelewa, na hatimaye mkataba wenyewe huwekwa mezani. Kikundi cha miaka 40 kinaweza kuanguka ndani ya miezi michache kwa kukosa watu watatu.

BEI IMESHUKA, MAHITAJI YAMEPANDA

Medicare hupima kazi ya daktari kwa vipimo, kisha huzidisha kila kipimo kwa kiasi fulani cha dola. Mwaka 1998 kiasi hicho kilikuwa dola 36.69. Mwaka 2025 kilikuwa dola 32.35. Katika muda huo gharama za maisha nchini Marekani zilikaribia kuongezeka maradufu. Kwa maneno mengine, kipimo kile kile cha kazi kilipoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kununua. Kwa mwaka 2026 kiasi hicho kilipandishwa kidogo na kuvuka dola 33, lakini mkono wa pili ukapunguza kwa asilimia 2.5 vipimo vya kazi kwa huduma nyingi, zikiwamo za kusoma picha.

Bei ya kazi ikishuka, mtu angetegemea malipo ya mfanyakazi yashuke pia. Hapa haikuwa hivyo, kwa sababu ugavi umefungwa. Kijana wa Kimarekani anayemaliza sekondari husoma chuo miaka 4, udaktari miaka 4, mafunzo ya hospitali mwaka 1, radiolojia miaka 4, na wengi huongeza mwaka 1 wa ubingwa mdogo. Jumla ni miaka 14. Anayeingia sokoni mwaka 2026 alianza safari mwaka 2012. Isitoshe, sheria ya bajeti ya 1997 iliweka kikomo kwa nafasi za mafunzo ambazo Medicare huzilipia. Nafasi 1,000 zilizoongezwa na sheria ya Desemba 2020 ni za fani zote za udaktari, wala si za radiolojia peke yake.

Wakati huo huo kizazi kikubwa kilichozaliwa kati ya 1946 na 1964 kinazeeka. Ifikapo mwaka 2030 wote watakuwa wamefikisha umri wa miaka 65 au zaidi, na mzee hupigwa picha mara nyingi kuliko kijana.

Kuna waliotabiri kuwa kompyuta ingelimaliza tatizo hili mapema. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mtaalamu wa akili bandia ambaye mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, alisema hadharani kuwa ilikuwa wakati wa kuacha kufundisha madaktari wa mionzi, kwani ndani ya miaka 5 mashine ingewapita. Miaka hiyo imepita zamani. Programu za kusaidia kusoma picha zimeidhinishwa kwa mamia, na ni kweli kwamba zinasaidia, lakini anayetia saini ripoti na kujibu mahakamani bado ni daktari. Mwekezaji aliyeamini utabiri ule na kudharau kazi hii alipoteza nafasi nzuri. Bei ya bidhaa haishuki kwa sababu ya mbadala unaotarajiwa, ila kwa mbadala uliokwisha kufika dukani.

USHINDANI ULIANZIA USIKU

Zamani vikundi vilishindana na jirani tu. Mambo yalibadilika usiku. Mwaka 2001 ilianzishwa katika jimbo la Idaho kampuni ya NightHawk, ambayo iliwaweka madaktari wa Kimarekani mjini Sydney, Australia. Marekani ikiwa usiku, Sydney ni mchana. Picha za dharura zilitumwa kwa kompyuta, ripoti ya awali ikarudi upesi, na wabia wa kikundi wakalala. Kwa kuwa Medicare hailipii usomaji unaofanywa nje ya nchi, asubuhi kikundi kilisoma tena na kutoa ankara yake. Kila mmoja aliridhika.

Biashara ilikua. NightHawk iliingia katika soko la hisa la Nasdaq mwaka 2006. Mwaka 2010 ilinunuliwa na mshindani wake, Virtual Radiologic, kwa takriban dola milioni 170. Mwaka 2015 Virtual Radiologic nayo ikanunuliwa na kampuni ya Mednax kwa dola milioni 500. Mwaka 2020 Mednax ikauza shughuli zake zote za radiolojia kwa kampuni ya Radiology Partners kwa dola milioni 885.

Msomaji anayefuata masoko ataona kilichotokea. Huduma iliyozaliwa ili kuvipa vikundi usingizi imegeuka mshindani anayewinda madaktari wale wale. Inamwambia kijana akae nyumbani kwake, achague saa zake, alipwe kwa kila picha, wala asihudhurie kikao cha hospitali hata kimoja. Kikundi kikongwe kikimjibu kijana huyo kwa mshahara tu, kimeshindwa kabla ya kuanza.

WALIOUZA, WALIONUNUA NA WATAKAOLIPA

Mpinzani wa pili ni makampuni ya mitaji binafsi. Katika majimbo kama California, New York na Texas sheria haimruhusu asiye daktari kumiliki kampuni ya kutoa tiba. Njia inayotumika ni kuunda kampuni ya uendeshaji, inayoshika ankara, majengo na mikataba, na kulipwa ada na kikundi ambacho kwenye karatasi bado ni cha madaktari. Jimbo la Oregon lilipitisha sheria mwaka 2025 ili kubana njia hiyo.

Jinsi bei ya kununulia kikundi inavyopatikana ni jambo ambalo kila mwekezaji mdogo anapaswa kulielewa. Kikundi cha wabia hakina faida ya kubaki, kwa sababu kila mwisho wa mwaka wabia hugawana chote. Ili kiwe na faida ya kuuza, lazima wabia wakubali kupunguziwa mapato. Mfano wa hesabu ni huu. Wabia 20 wanakubali kila mmoja apunguziwe dola 100,000 kwa mwaka. Hapo imezaliwa faida ya dola 2,000,000 kwa mwaka. Mnunuzi analipa mara 10 ya faida hiyo, yaani dola 20,000,000, na kila mbia anaondoka na dola 1,000,000, sehemu yake ikiwa mara nyingi ni hisa za mnunuzi badala ya fedha taslimu.

Mbia mwenye umri wa miaka 62, aliyebakiza miaka 3 kazini, atapoteza dola 300,000 na kupokea 1,000,000. Kwake ni neema. Mbia mwenye miaka 30 mbele yake atapoteza dola 3,000,000 kwa kupokea 1,000,000. Kwake ni hasara. Daktari atakayeajiriwa baada ya mauzo atapoteza dola hizo 3,000,000 na hakupokea hata senti. Kwa lugha ya mkulima, wazee wamekula mbegu, na kijana anaitwa kulima.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini vikundi vilivyouzwa vinaweza kutoa mshahara mkubwa wa kuanzia na bado vikakosa watu wa kudumu. Mshahara wa kuanzia ni mkubwa, ila hauna ngazi ya kupanda.

Nayo makampuni yaliyonunua hayakuwa na njia nyeupe. Yalinunua kwa mikopo wakati riba ilipokuwa ndogo. Kuanzia 1 Januari 2022 sheria ya kuwakinga wagonjwa dhidi ya ankara za kushtukiza ilipunguza nguvu ya madaktari walio nje ya mtandao wa bima, na mwaka huo huo riba ikapanda. Envision, kampuni kubwa ya huduma za madaktari iliyonunuliwa mwaka 2018 na KKR kwa takriban dola bilioni 9.9 pamoja na madeni, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Mei 2023. Radiology Partners yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 2012 na kukua kuliko nyingine zote za fani hiyo, ililazimika mwaka 2024 kupanga upya madeni yake na kuingiza mtaji mpya. Haikuanguka, lakini kijana anayepewa hisa za mnunuzi badala ya fedha ana sababu ya kuuliza maswali.

VIKUNDI NAVYO SI MALAIKA

Haki inataka upande wa pili usikilizwe. Waliouza hawakuwa wote walafi. Kikundi kidogo kikikaa meza moja na kampuni kubwa ya bima hakina sauti. Kompyuta za kuhifadhi picha ni ghali, na programu za akili bandia zinaongeza gharama. Mnunuzi mwenye mtaji hubeba mizigo hiyo.

Tena ubia wenyewe umewahi kutumiwa vibaya. Kuna mtindo unaojulikana sana katika fani hii: daktari mpya anaahidiwa ubia baada ya miaka 2 au 3, analipwa nusu ya wanachopata wabia, anapewa zamu mbaya, kisha muda ukikaribia anaambiwa hafai. Mwingine anachukuliwa mahali pake. Kikundi kinachofanya hivyo hakina tofauti na kampuni ya mitaji binafsi, isipokuwa kwamba mnyonyaji anakula chakula cha mchana meza moja na anayenyonywa. Vijana wanazungumza, na sifa mbaya husafiri haraka kuliko tangazo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

MKATABA UNAOFAA KUTIWA SAINI

Kikundi kikongwe kinachotaka kuishi kina mambo matano ya kuweka kwenye karatasi.

Kwanza, muda wa kungojea ubia utajwe, na uwe mfupi. Katika soko la leo anayengojeshwa miaka 3 atapata kwingine asikongojeshwa hata mmoja. Pili, bei ya kuingia itajwe pamoja na hesabu iliyoifikia. Kikundi kisicho na mashine kikimdai mgeni mamia ya maelfu ya dola, kionyeshe ni mali gani anayonunua. Kama ni sehemu ya fedha zinazodaiwa, basi naye akiondoka alipwe sehemu yake.

Tatu, hesabu za miaka mitatu zifunguliwe kabla ya saini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mbia asiyeona daftari si mbia. Hapo aone pia mkataba wa hospitali: umebakiza miaka mingapi, unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku ngapi, na kama hospitali inaongeza fedha juu ya ankara za kikundi. Nne, zamu za usiku zigawanywe kwa kanuni moja, au mwenye kuzikwepa azilipie. Tano, na hili ndilo kubwa, mkataba useme kwamba kikundi kikiuzwa ndani ya miaka fulani tangu mgeni aingie, naye atapata fungu lake hata kama hajawa mbia kamili. Wazee wanaokataa kipengele hicho wamekwisha kujibu swali ambalo hawakuulizwa.

Kwa upande wake, mgeni aangalie mlango wa kutokea. Bima nyingi za uzembe hulinda madai yanayoletwa wakati bima ikiwa hai tu, kwa hiyo ajue nani atalipia kinga ya madai yatakayoletwa baada ya yeye kuondoka. Aangalie pia kama anafungwa asifanye kazi jirani. Kanuni ya taifa ya kufuta vifungo hivyo, iliyotangazwa Aprili 2024, ilizuiwa na mahakama ya Texas mwezi Agosti mwaka huo, na serikali ikaacha rufaa yake Septemba 2025. Sasa kila jimbo lina sheria yake, na California haitambui vifungo vya namna hiyo.

Nacho kikundi kijue kuwa kumpata mtu si siku ya saini. Leseni ya jimbo, uchunguzi wa vyeti hospitalini na kuandikishwa kwenye bima huchukua miezi. Anayeanza kutafuta siku mzee anapoaga amechelewa.

MASHINE BILA MSOMAJI

Somo hili halikuishia ng'ambo. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali 98, vya radiolojia vikitoka kwa kampuni ya General Electric. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilieleza katika ripoti yake ya 2020 kuwa baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika, kwa kukosa majengo, umeme au wataalamu. Fedha zilikwenda kwenye chuma kabla ya kuwafikia watu.

Mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuungana na wenzake kununua mashine ya CT-Scan kwa ajili ya hospitali binafsi, iwe Mwanza au Kisumu, aanze mahali ambapo hesabu ya Kimarekani inaishia. Mashine ina bei, na muuzaji wake hutoa mkopo. Anayesoma picha hana bohari. Ampate yeye kwanza, ampe sehemu ya mali badala ya ahadi, ndipo aagize mashine.

Kwa vikundi vya Marekani hali ya soko haionyeshi dalili ya kubadilika upesi, kwa kuwa wanafunzi watakaomaliza katika miaka minne ijayo wameshaingia darasani na idadi yao inajulikana. Vitakavyobaki ni vile ambavyo wazee wake watakubali kuvuna kidogo leo ili anayeingia aone sababu ya kukaa miaka thelathini. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji anayemtaka mgeni huyo na apange bei yake ya ubia kabla ya kupanga tangazo.